Mwaka Adeer Sugow Alipoitengeneza Nyumba

Siku ya pili ya tazia ya Adeer Sugow, mume wa mama yangu mdogo, mtu mmoja alishika kipaza sauti upande wa wanaume akasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa mikono. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumejazana kwenye mikeka, na mimi nilikuwa nimepata nafasi kando ya Habaryar Dahabo, mdogo wake mama yangu, ambaye sasa ndiye mjane. Msemaji alikuwa na sauti nzuri na hakuwa na haraka. Alisema nyumba hii ya mtaa wa Iftin ilikuwa karibu kuanguka, kwamba mtu mwingine angeiuza au angeibomoa, lakini Sugow, Mungu amrehemu, aliifufua kwa jasho lake bila kumwita fundi hata mmoja. Alisema ukuta wa katikati, uliosimama mpaka leo, ni kazi ya mikono yake. Wanaume wakaitikia kwa dua. Habaryar alisogeza punje ya tasbihi kwa kidole gumba, akaniuliza bila kuinua macho, "Amemaliza?" Nikamwambia bado. "Mwache," akasema. "Hakuwepo."

Mimi nilikuwepo. Ukuta ule tuliujenga mimi na Habaryar, na kazi ya mikono ya Adeer Sugow ilikuwa kuubomoa. Najua marehemu hatajwi kwa ubaya. Nimefundishwa hivyo tangu chuo cha Kurani, na nimewafundisha watoto wa watu hivyo hivyo kwa miaka mingi kule Hulugho. Lakini sikumbuki kufundishwa kwamba nikae kimya mkekani huku mtu akivishwa kazi yangu. Kwa haki niseme pia kwamba hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, alisali, aliwasalimia wazee kwa mikono miwili. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumlalamikia. Mtu mbaya utamshtaki kwa ndugu zake. Mtu anayeamini kwamba anaweza kila kitu, na kila anachogusa kinaharibika, utamshtaki kwa nani, na kwa kosa gani?

Nilifika katika nyumba ile mwaka niliomaliza kidato cha nne. Matokeo yalikuwa hayajatoka, na kwetu Sangailu ukame ulikuwa umewasukuma watu na mifugo mbali, kwa hiyo mama akaona ni heri ningoje mjini kwa mdogo wake. Nyumba ilikuwa ya zamani, mali ya Ayeeyo, bibi yangu, aliyoachiwa na mumewe. Kuta zake zilikuwa nene, za mawe na udongo, zimepigwa lipu ya simiti juu. Paa lilikuwa la mabati yaliyoanza kuliwa na kutu, na boriti zilikuwa za mkoma, zilizoletwa kutoka kingo za Tana. Ukiingia ulikuta sebule ndogo. Nyuma ya ukuta wa katikati kilikuwa chumba cha Ayeeyo. Na kutoka chumba hicho mlango ulikutoa uani, kwenye jiko, stoo, pipa la maji na choo. Mchana mabati yalilia kwa joto, lakini ule ukuta wa katikati ulibaki baridi, na baada ya adhuhuri sote watatu tulilala sakafuni tukiuegemea.

Ayeeyo hakuwa akiona. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa ugonjwa miaka mingi kabla yangu, naye aliijua nyumba kwa mkono wa kushoto. Aliamka, akaweka kiganja ukutani, akaenda. Mahali kiganja kilipopita lipu ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi, mstari mmoja kimo cha kiuno chake, kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji. Hakugonga kitu. Siku zangu za kwanza nilijaribu kumshika mkono, akauchomoa. "Mimi si ng'ombe wa kupelekwa mnadani," alisema. Asubuhi alikaa kizingitini kwake tukimletea anjera, chapati zetu laini, na chai ya maziwa ya ngamia, na alijua kwa harufu kama Habaryar ameiunguza kidogo upande mmoja. Alipokuwa kijana alikuwa amejenga herio zaidi ya anavyoweza kukumbuka, zile nyumba za fito na mikeka tunazohama nazo; alizijenga, akazivunja, akazipakia juu ya ngamia, akazijenga tena. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Nalisema mapema ili ifahamike Adeer Sugow alikuwa akizungumza na watu wa namna gani aliposema wanawake hawajui nyumba.

Yeye alirudi kutoka Nairobi wiki chache baada yangu. Yeye na Habaryar hawakuwa na watoto bado wakati ule. Alikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, na duka likafungwa, akaja na sanduku la chuma la vifaa ambalo sijui alilipataje. Alijua jina la kila kifaa kilichomo na hakuwahi kutumia hata kimoja. Jioni ya kwanza alikitoa kimoja kimoja, akakipangusa kwa kitambaa na kukilaza juu ya mkeka kama mtu anayeonyesha mahari. Alipofika kwenye pimamaji alikiinua mbele ya taa ili tuone kipovu kikitembea. Habaryar alitazama, akasema ni kizuri, akaenda kuosha sufuria.

Nyumbani tulizungumza Kisomali, kama kila mtu. Lakini Adeer akipanda ngazi alihamia Kiswahili, kwa kuwa aliamini ujenzi ni jambo la Kiswahili. "Lete bimamaji," angeniambia. "Angalia. Ukuta hii iko sawa kabisa. Wacha kuogoba." Sikumcheka kwa b zake; wengi wetu twasema hivyo, na mimi mwenyewe nilichapwa shuleni kwa ajili ya neno "pipa". Nilimcheka kwa sababu ukuta haukuwa sawa. Kipovu kilikuwa kimekaa pembeni kabisa, nikikiona kwa macho yangu, naye alikuwa amefumba jicho moja, akiridhika.

Alianza na paa. Lilikuwa likivuja mahali pawili, na Habaryar alijua mahali hapo na aliweka sufuria mawingu yakija. Adeer alipanda na misumari mipya akaipigilia kwenye mabonde ya bati, pale maji yanapopita, badala ya migongoni. Hata mimi, mtoto wa herio, nilijiuliza. Nikamuuliza. Alinijibu kutoka juu kwamba msumari ukipigwa bondeni unashika vizuri zaidi. Mvua iliponyesha, ilinyesha ndani. Tuliweka sufuria, karai, ndoo, mpaka birika la udhu la Ayeeyo, na yeye Adeer alisimama katikati ya vyombo akisikiliza matone, akasema mvua hii imekuja na upepo wa upande usio wa kawaida. Kisha akatandaza juu ya paa turubai la buluu kutoka kwa wafanyabiashara wa Dadaab, ambako kambi zilikuwa zinaanza kujaa watu kutoka ng'ambo ya mpaka, akaliwekea mawe. Upepo ulipoligusa, lilipiga kelele kutwa. Akahamia mlango wa mbele. Aliuranda mpaka ukaacha kufunga, na tangu siku hiyo mbuzi wa jirani waliingia sebuleni kama wageni waalikwa.

Habaryar alimwambia mara moja tu, kwa upole, tukiwa tunakula ambula, ile kunde iliyochanganywa na mafuta ya simsim na sukari. "Tumwite fundi aangalie paa." Adeer aliweka kijiko chini. "Fundi ni mwizi mwenye futi ya kupimia," akasema. "Nimekaa stoo miaka yote hiyo, nimewaona. Anakuja, anapima, anatikisa kichwa, anakutisha. Nyumba ni kitu rahisi." Habaryar alimwongezea chakula. Nilidhani wakati ule kwamba anamwogopa. Nimekuwa mke mwenyewe tangu hapo, na sasa najua alikuwa amechoka tu kumsikiliza, na mtu anayetafuna hanyanyui sauti.

Watu wa aina hii hawamaliziki. Juzi, katikati ya tazia, mwana wao mkubwa alinionyesha kwenye simu picha za mtu wa nchi ya mbali akipachika dari jeupe, akaniambia atampachikia mama yake dari kama hilo, yeye mwenyewe. "Hiyo si noma, abaayo," alisema, akiniita dada. "Nimecheki yote kwa simu." Nilimuuliza kama amewahi kushika nyundo. Akacheka, akadhani natania. Ana kidevu cha baba yake na, naona, kila kitu kingine pia.

Jambo kubwa lilikuja kiangazi. Alasiri, Adeer alikuwa akikaa barazani, ubavuni mwa nyumba, na rafiki zake wawili wakitafuna miraa, na mimi nikiwa jikoni nilisikia kila neno, kwa kuwa jiko na baraza vilitenganishwa na bati moja tu. Alikuwa akiwaeleza kwamba ataondoa ukuta wa katikati. Sebule na chumba cha nyuma vitakuwa majlisi moja kubwa, yenye mito pande zote, mahali pa kukaribisha watu wa maana. Mmoja akamuuliza, "Na mama mkwe wako je?" Adeer akasema atamhamishia stoo ya uani, ataitoboa mlango. "Haoni," alisema. "Kwake chumba ni chumba." Wakacheka wote watatu. Hakikuwa kicheko cha ubaya, kilikuwa kile cha wanaume ambao chai yao imemiminwa na mtu mwingine. Nilisimama na chujio mkononi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimelelewa kuwaheshimu wakubwa, na mpaka dakika hiyo nilikuwa nikimwona Adeer kuwa mtu wa kuchekesha. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Nilimwambia Habaryar, na Habaryar akamkabili. "Nyumba hii si yako," alimwambia. Adeer akasema, "Wala mimi si mgeni. Nataka kuwapa nyumba ya heshima." Habaryar akamwambia basi akamuulize mwenye nyumba mwenyewe. Akaenda, nami nikasimama nyuma yake. Alisimama mlangoni pa Ayeeyo, macho chini kama inavyompasa mkwe, akamweleza habari ya majlisi kwa maneno mazuri sana. Ayeeyo alisikiliza mpaka mwisho. "Naona umeshaamua," akasema. "Nijibu mambo mawili tu. Mlango wa hiyo stoo utakuwa upande gani?"

"Wa kulia, Hooyo," akajibu, akimwita mama.

"Na chini?"

"Sawasawa. Hakuna ngazi wala kizingiti. Utatembea kama hapa."

Alibomoa kwa siku kadhaa, akikohoa vumbi, amejifunga kitambaa kichwani, na majirani walikuja kuona na kumpongeza kwa bidii yake. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Mtu akibomoa huonekana anafanya kazi kubwa, na hakuna anayeuliza kinachofuata. Kilichofuata ni kwamba boriti zililegea na paa likaanza kuinama katikati. Adeer alilisimamishia nguzo, wima katikati ya majlisi yake, ikabidi watu wa maana wasogee huku na huku ili waonane. Stoo nayo aliitoboa upande wa kulia, akakuta jiwe lililomshinda, akahamia kushoto. Maji ya kuoshea vyombo yakawa yanaingia ndani, kwa hiyo akamwaga kizingiti kirefu cha simiti mlangoni. Mambo hayo aliyaeleza kwa rafiki zake, kwa imamu, hata kwa muuza maji wa mkokoteni wa punda. Ayeeyo hakumwambia, nasi tulidhani amemwambia.

Ilikuwa siku ya kwanza ya Ayeeyo katika stoo ile. Habaryar alikuwa ameenda sokoni, na mimi nilikuwa nikikoka moto. Saa ya alasiri Ayeeyo alichukua birika atoke kwenda kutawadha. Sikusikia kelele. Nilisikia birika likibingirika uani, nikatoka, nikamkuta amelala juu ya kizingiti, nusu ndani nusu nje, mkono wa kushoto umenyooka mbele bado ukitafuta ukuta. Hakulia. Aliniambia, "Usiniinue. Kuna kitu kimekatika." Adeer alikuja mbio kutoka barazani. Alipiga magoti, akashika kichwa chake mwenyewe, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Angeita tu. Mimi nilikuwa hapa hapa."

Ilikuwa nyonga. Hospitalini walimlaza na kuufunga mguu wake kwa kamba yenye uzito, inayopita kwenye kapi ndogo juu ya kitanda. Adeer alikuja kumwona siku ya pili, akaleta tende, akasimama akiitazama ile kapi. "Hii kabi imefungwa vibaya," aliniambia kwa Kiswahili, akanyoosha mkono. Muuguzi, mama mmoja mnene wa huko bara, alimwambia autoe mkono wake kabla hajauvunja. Namkumbuka muuguzi yule katika dua zangu mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata Habaryar alifungua sanduku la vifaa, akatoa nyundo kubwa, akaenda kwenye kizingiti. Adeer alikuwa akinywa chai. "Dahabo," akasema, "hiyo simiti haijakomaa vizuri."

"Ndiyo maana inavunjika," akamjibu.

Alikivunja chote, vipande vikiruka. Kisha akasimama, akajipangusa uso kwa shungi lake, akamwambia, "Nenda kwa rafiki zako, na usirudi mchana. Tunaurudisha ukuta." Adeer akauliza nani anaurudisha. Habaryar alinitazama mimi. Adeer akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kumwachia mtoto kitu akiharibu, akavaa kofia, akaenda.

Fundi tulimtafuta kwanza, sitasema tulikuwa wajinga kama yeye. Lakini mafundi wote wa mji walikuwa wamekimbilia Dadaab, ambako kulikuwa na kazi ya kujenga kila kona, na mmoja tuliyempata alitazama paa, akatikisa kichwa, akasema ukuta uinuke kutoka chini kabla ya mvua, yeye hawezi kuja. Kwa hiyo tulianza. Mawe yalikuwepo, Adeer alikuwa ameyarundika nje. Udongo tuliletewa kwa mkokoteni kutoka karibu na mto, tukaukanyaga kwa miguu na mchanga na maji, nguo zikiwa zimekunjwa. Tulifunga jiwe kwenye uzi ili tupate wima. Safu za kwanza tulizijenga vibaya, zikaegemea sebuleni, na mimi nikaanza kutafuta sababu: mawe hayalingani, udongo mwepesi. Habaryar akazisukuma kwa mguu zikaanguka. "Ikipinda tunavunja," alisema. "Hatuielezi." Tukaanza tena. Mikono yangu ilipasuka mpaka nikashindwa kushika anjera bila kuungua na mchuzi. Wanawake wa jirani walipita wakasema ni aibu, mke wa mtu kujipaka matope ilhali mume yuko. Habaryar aliwajibu kutoka juu ya pipa alilosimamia. "Mama yangu alijenga nyumba maisha yake yote, akaibeba," alisema. "Huyu mmoja amejenga kizingiti, na mama yangu yuko hospitalini."

Jioni Adeer alirudi, akazunguka kazi yetu, akagusa hapa na pale. Hakutudhihaki. Ingekuwa afadhali. Alisema tunaendelea vizuri, kwamba anaona tumeshika mambo aliyotuonyesha. Ukuta ulipofika kwenye boriti na paa kuacha kuinama, aliing'oa mwenyewe ile nguzo yake, mbele ya rafiki zake, na nilimsikia barazani akisema, "Tumemaliza ukuta." Siku chache baadaye nilimsikia akisema, "Nimemaliza." Hivyo tu, bila kuona haya, neno moja likawa jingine, na miaka yote iliyofuata ikamalizia kazi hiyo. Msemaji wa tazia hakusema uongo wa kwake. Alipewa, akaubeba.

Lipu tuliipiga kwa viganja, kwa kuwa mpini wa mwiko wa Adeer ulikuwa umetoka siku ya kwanza. Matokeo yangu yalikuja wakati huo, nikajua nitakwenda chuo cha ualimu. Wakubwa walinipongeza na kuniambia nisiwe na kiburi. Sikuwa na kiburi. Nilikuwa na dharau, na hiyo niliipata katika nyumba ile, na sijawahi kuijutia. Nimekutana na Adeer Sugow wengi katika maisha yangu, katika kamati za shule, katika ofisi, na mmoja nikaolewa naye kwa muda mfupi. Kila mara mtu aliponiambia kitu kiko sawa, nilikwenda kukitazama mwenyewe.

Ayeeyo hakutembea tena. Aliishi mpaka mvua za mwaka uliofuata, akafa katika chumba chake, juu ya kitanda chake. Lakini siku tuliyomrudisha kutoka hospitalini alikuwa na nguvu za ulimi bado. Tulimlaza pale pale palipokuwa pake, ubavu kwa ukuta. Adeer alikuja akasimama mlangoni, macho chini.

"Hooyo," akasema, "nimekurudishia ukuta wako. Nimeujenga kwa mikono yangu."

Habaryar alikuwa akikunja shuka. Hakuinua kichwa. Ayeeyo alitoa mkono wa kushoto, akauweka kwenye lipu mpya, akaupitisha taratibu, akaurudisha nyuma, akausimamisha mahali, akaingiza ncha za vidole kwenye mikwaruzo ya vidole tuliyoiacha.

"Una vidole vyembamba, Sugow," akasema. "Sikujua."

"Kazi inakondesha, Hooyo," Adeer akajibu kwa unyenyekevu, akaomba ruhusa, akatoka barazani kwa rafiki zake.

Ayeeyo alibaki na mkono ukutani. "Dahabo, njoo," akasema. Habaryar akaacha shuka, akaja, na mama yake akamshika kidole kimoja kimoja akakiweka katika njia zake, vikaingia vyote. Kisha akasogeza mkono chini kidogo, upande niliokuwa nikipiga lipu mimi, akapapasa, akakunja uso.

"Na huyu mwingine," akasema, "anabonyeza mno."